Je, Wajua? Wafugaji wa Nyika ya Biano
Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilichoanza kazi mwaka 1929, hutajwa kwa madini tu, ilhali kaskazini-magharibi mwake, kati ya mito Lualaba na Lufira, uko uwanda wa Biano, nyika ya nyasi iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa baridi na uhaba wa vichaka humnyima makazi mbung'o, nzi aenezaye nagana, yaani malale ya mifugo, ufugaji mkubwa wa ng'ombe ulistawi huko enzi za Wabelgiji, nao ukawapatia nyama wafanyakazi wa migodi. Ng'ombe wangali wanafugwa Biano hadi leo.