Fedha za kampeni: Sheria inavyotenganisha mchango na rushwa

Kila uchaguzi unapokaribia, mabango huchapishwa, magari hukodiwa, mafuta hununuliwa na mawakala wa vyama hulipwa posho. Gharama hizo ni halali, kwa kuwa hakuna kampeni inayoendeshwa bila fedha. Jambo ambalo sheria inataka lijulikane ni nani amezilipa, na kama analo analotarajia kulipwa baada ya matokeo kutangazwa.

Suala hilo linashughulikiwa na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2024. Msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Lengo la sheria hiyo ni kuhakikisha kuwa mpiga kura anaamua kwa kupima sera na uwezo wa mgombea, si uzito wa mfuko wake au wa mfadhili aliye nyuma yake.

Chimbuko la hoja

Hofu ya fedha kutawala siasa si ngeni nchini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa, na ushindani wa kisiasa ukaanza kudai fedha nyingi zaidi. Kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 1995, Mwalimu Julius Nyerere alihoji hadharani kuhusu mtu anayetumia fedha kutafuta kuingia Ikulu: amezipata wapi, na kama amekopeshwa, atazirudisha vipi?

Miaka mitano baadaye, marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi yaliruhusu kile kilichokuja kujulikana kama takrima. Jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila halikuhesabiwa kuwa rushwa. Waliotetea kifungu hicho waliegemea desturi, kwani mgeni hukirimiwa na mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, sheria haikusema ukarimu unaishia wapi na hongo inaanzia wapi.

Asasi tatu za kiraia, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zilifungua shauri. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya takrima vinakwenda kinyume na Katiba. Sababu kubwa ilikuwa usawa: mgombea mwenye mali angeweza kuwakirimu wapiga kura, ilhali mgombea maskini asingeweza.

Sheria inataka nini?

Sheria ya mwaka 2010 iliziba pengo hilo kwa njia kuu tatu.

Kwanza, inaweka ukomo wa matumizi. Kiwango cha juu hutangazwa na Waziri katika Gazeti la Serikali kwa kuzingatia aina ya mgombea, ukubwa wa eneo la uchaguzi, idadi ya watu na miundombinu ya mawasiliano.

Pili, inadai uwazi. Mgombea hutakiwa kueleza fedha alizonazo kwa ajili ya kampeni, na chama hutakiwa kumjulisha Msajili kuhusu michango mikubwa. Sheria ilipotungwa, wajibu huo ulianzia kwenye mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu binafsi, au shilingi milioni 2 kutoka kwa taasisi. Uchaguzi ukiisha, hesabu za mapato na matumizi huwasilishwa.

Tatu, inakataza kumpa au kumwahidi mpiga kura fedha, zawadi au ajira ili kumshawishi apige kura kwa namna fulani au asipige kabisa.

Kwa nini michango ya kampuni ijulikane?

Sheria haikatazi kampuni kuchangia chama. Kampuni inaweza kuunga mkono sera inazoamini zitakuza uchumi, na hilo si kosa. Lakini kampuni hiyo hiyo inaweza kesho kuomba zabuni, leseni ya madini, hati ya ardhi au msamaha wa kodi kutoka kwa viongozi iliowasaidia kushinda. Mchango ukijulikana, wananchi, Bunge na vyombo vya habari huweza kuupima uamuzi wa kiongozi. Ukifichwa, deni hubaki kati ya watu wawili, na anayelilipa ni mwananchi ambaye hakuwapo walipokubaliana.

Wajibu wa mwananchi

Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa rushwa na anayepokea wote wanatenda kosa. Hivyo, mpiga kura anayechukua khanga, kilo ya sukari au noti kwa ahadi ya kura yake hawezi kujitetea kuwa yeye alipewa tu. Mwenye taarifa anaweza kuifikisha katika ofisi ya TAKUKURU iliyo karibu naye au kupiga simu namba 113 bila malipo.

Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sukari ya kampeni huisha ndani ya wiki moja, bali kiongozi aliyeipata nafasi kwa sukari hiyo hukaa madarakani miaka mitano, na katika muda huo ndiye anayeamua kuhusu barabara, zahanati na ardhi ya kijiji.