Mkate wa reli: Duka lililomfunga mfanyakazi wa Kisovieti kazini

Katika Umoja wa Kisovieti wa mwishoni mwa mwaka 1932, mfanyakazi aliyekosa kazini siku moja bila sababu ya maana hakupoteza ujira wa siku hiyo tu. Aliweza kufukuzwa, akanyang'anywa kadi ya mgawo wa chakula na kutolewa katika nyumba ya mwajiri, yeye na familia yake.

Amri hiyo ilitolewa Novemba 15, nchi ikiingia katika njaa iliyoua mamilioni ya watu. Karibu wiki tatu baadaye, Desemba 4, serikali na Chama cha Kikomunisti ziliamua kuwa maduka ya ushirika ya wafanyakazi katika viwanda vikubwa yawekwe chini ya uongozi wa viwanda hivyo, na kadi zitolewe na uongozi huo huo.

Hapo ndipo zilipoanza idara za ugavi wa wafanyakazi, maarufu kwa kifupi cha Kirusi cha ORS. Mfumo huo ulienea hadi kwenye reli, ambako tangu enzi za wafalme kulikuwa na vyama vya ushirika vya wanunuzi. Tofauti ilikuwa kubwa: ushirika ulikuwa wa wanachama, walau kwa jina, lakini duka jipya lilikuwa la mkuu wa kazi. Aliyeshika orodha ya wafanyakazi alishika pia ufunguo wa ghala la unga.

Mgawo wa mkate ulifutwa Januari 1935, lakini vita viliurudisha. Kadi zilianza tena Moscow na Leningrad Julai 1941, na mwaka uliofuata idara za ORS zikafufuliwa kwa nguvu. Kwa kuwa ghala la taifa halikutosha, idara hizo zililima viazi na kabichi na kufuga nguruwe, huku wafanyakazi nao wakigawiwa viwanja vya bustani. Aprili 1943 reli zikawekwa chini ya sheria ya kijeshi. Dereva wa treni akawa na nidhamu ya askari, na chakula chake kikaendelea kupitia mikononi mwa mwajiri hadi kadi zilipofutwa Desemba 1947.

Hata hivyo, si haki kuuona mfumo huo kama mnyororo peke yake. Reli ya kutoka Moscow hadi Vladivostok ina urefu wa kilometa 9,288, na sehemu kubwa yake hupita porini. Mkagua njia aliyeishi na familia yake katika kijumba kando ya reli hakuwa na soko wala barabara. Kwake, duka lilikuja lenyewe: behewa lililofungwa rafu na kaunta, Warusi wakiliita vagon-lavka, ambalo liliunganishwa na treni na kuachwa kwa muda katika vituo vidogo. Wake wa wafanyakazi walilisubiri na mifuko mkononi, wakinunua mkate, sukari, chumvi na vitambaa. Likichelewa, hapakuwa na duka jingine la kukimbilia.

Fadhila za mfumo huo zilionekana zaidi katika ujenzi wa reli ya BAM, mashariki mwa Siberia, ulioanzishwa upya mwaka 1974. Ili vijana wakubali kuvumilia baridi kali, maduka yao yalipewa nguo na viatu vya Japani ambavyo mkazi wa mji wa kawaida hakuviona. Waliruhusiwa pia kuweka akiba maalumu ya kununulia gari. Duka lililokuwa fimbo mwaka 1932 sasa lilikuwa chambo.

Bei zilipoachiwa huru Januari 1992, duka la mwajiri lilipoteza nguvu yake, kwani bidhaa zilirejea sokoni kwa yeyote mwenye fedha. Maduka mengi ya reli yalifungwa au kubadili wamiliki. Lakini kampuni ya Reli za Urusi ilipoanza kazi Oktoba 2003, baadhi ya mabehewa ya duka yalikuwa bado safarini kuelekea vituo visivyofikiwa na barabara.