Diski Isiyojibu Wito

Diski ngumu ni kifaa kinachotunza kumbukumbu za kompyuta hata umeme unapozimwa. Tangu kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1956, iliyokuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24 na kuhifadhi takriban herufi milioni 5 tu, msingi wa utendaji wake umebaki uleule: sahani zilizopakwa utando wa sumaku huzunguka, na vichwa vidogo husoma na kuandika alama za sumaku juu yake. Katika diski za kompyuta za mezani za siku hizi, sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni ya milimita moja.

Watumiaji husema kwamba kompyuta haioni diski, lakini hakika ya mambo ni kwamba kompyuta huita na diski hupaswa kuitika. Mara tu kitufe kinapobonyezwa, programu ya kuwashia iitwayo BIOS, au mrithi wake UEFI, ambayo hukaa ndani ya chipu kwenye ubao mkuu wa kompyuta, hupeleka amri kwa kila tundu la diski ikitaka kilichochomekwa hapo kijitambulishe, na diski iliyo nzima hurejesha fungu la baiti 512 lenye jina la modeli yake, namba yake ya pekee na ukubwa wake. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kutafuta mahali mazungumzo hayo yalipokatikia, na swali lake la kwanza ni kama diski inatajwa katika ukurasa wa mipangilio wa BIOS.

Ikiwa inatajwa humo lakini Windows haifunguki au haionyeshi mafaili, kwa kawaida nyaya hazina lawama, na kasoro hutafutwa katika mpangilio. Betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye ubao mkuu ikiisha nguvu, kompyuta nyingi, hasa za zamani, husahau ni diski ipi ianze kusomwa na hurudia mipangilio ya kiwandani. Pengine jedwali linaloonyesha mipaka ya sehemu za diski limeharibika, na hapo Windows huweza kupendekeza diski iandaliwe upya au ifomatiwe. Pendekezo hilo lisikubaliwe kamwe iwapo ndani mna kitu kinachohitajika, kwa sababu linaweza kuandika jedwali jipya juu ya lile la zamani, ilhali data zenyewe huenda bado ziko salama mahali pake.

Ikiwa BIOS nayo haiitaji diski, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Diski inayotumia muunganisho uitwao SATA ina viungo viwili, kimoja cha data chenye pini 7 na kingine cha umeme chenye pini 15, na jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba viungo vya ndani vya SATA vilisanifiwa kuhimili uchomekaji wa mara 50 hivi, kwa hiyo kebo iliyochomolewa na kuchomekwa mara nyingi huweza kulegea bila dalili yoyote ya nje. Kompyuta huzimwa kabisa, waya wa umeme ukachomolewa ukutani, ndipo kebo nyingine na tundu jingine vikajaribiwa. Zipo pia mbao kuu ambazo huzima baadhi ya matundu ya SATA pindi diski bapa ya M.2 inapopachikwa, na kasoro ya namna hiyo haitibiwi na kebo yoyote.

Baada ya hapo sikio ndilo hufanya kazi. Diski ya mezani hupokea volti 5 kwa ajili ya saketi zake na volti 12 kwa ajili ya mota, na ikiwa imekaa kimya bila mtetemo wowote, huenda umeme uliorudi kwa kishindo umeunguza diodi ya kinga, kijisehemu kilichowekwa ili kife kwa niaba ya saketi nyingine. Diodi hiyo ikipiga shoti, hata kompyuta nzima huweza kukataa kuwaka mpaka diski ichomolewe. Mafundi wa zamani walihamisha ubao wa saketi kutoka diski inayofanana, lakini diski nyingi za sasa hutunza vipimo vya vichwa vyake zenyewe katika chipu ya ubao, hivyo ubao mgeni haufai isipokuwa chipu hiyo nayo ihamishwe.

Sauti ya kugonga-gonga ni mbaya kuliko ukimya. Sehemu ya programu dhibiti, yaani maagizo yanayoiendesha diski, huhifadhiwa kwenye sahani zenyewe, na kichwa kilichoumia kisipoweza kuyasoma, diski hushindwa hata kujitambulisha sawasawa. Kila inapowashwa, kichwa hicho huweza kukwaruza sahani zaidi, kwa hiyo izimwe na ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data. Isifunguliwe mezani, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni kubwa mno kuliko nafasi iliyo chini ya kichwa. Na ile desturi ya kuigandisha kwenye friza inastahili kuachwa kabisa, kwani huleta umande juu ya sahani.

Diski iliyositasita kisha ikaitika ihesabiwe kuwa imetoa nafasi moja tu. Nafasi hiyo isitumiwe kuirekebisha bali kuinakili yote katika diski nyingine, kwa programu kama GNU ddrescue, ambayo husoma kwanza maeneo mazima, huacha yaliyo sugu hadi mwisho, na hutunza ramani ya ilipofika ili kazi ikikatizwa iendelee palepale. Jedwali na mafaili hutengenezwa kwenye nakala hiyo, huku diski yenyewe ikiwa imechomolewa.