Inchi Mbili za Mlango

Safari hii mwenzenu sina habari ya injini wala ya kompyuta. Nataka tuzungumze juu ya mlango. Ndiyo, mlango tu, wa ndege ya mabomu ya Waingereza iliyoitwa Lancaster, katika Vita Kuu ya Pili.

Anayefika London anaweza kuiona moja pale RAF Museum, Hendon. Ni ile R5868, iliyokwenda vitani mara 137 na kurudi kila mara. Ukisimama chini ya pua yake utasema ndege hii ilikuwa chuma cha pua kweli kweli. Lakini kumbuka, ipo pale kwa sababu ilirudi. Zilitengenezwa zaidi ya 7,300, na zaidi ya 3,000 zilipotea vitani. Hizo hakuna jumba linaloweza kutuonyesha.

Tupige hesabu kidogo. Zamu ya askari wa ndege hizi ilikuwa safari 30. Tuseme kila usiku ndege 4 katika 100 hazirudi. Utasema asilimia 4 si kitu. Haya, chukua kikokotoo, zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 30. Utapata 0.29. Yaani katika makundi 100 yanayoanza zamu, 29 tu ndiyo yanayomaliza. Na kulikuwa na usiku mbaya kuliko huo: Machi 30, 1944 zilitumwa ndege 795 kwenda Nürnberg, zikapotea 95. Kwa jumla, katika askari wa anga wapatao 125,000 wa kikosi kile cha mabomu, walikufa 55,573. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi na miaka yangu 30 wangeniita mzee.

Sasa, ndege kuanguka ni jambo moja, na watu kufa ni jambo jingine. Lancaster ilibeba watu 7, na njia yao kuu ya kurukia ilikuwa mlango mdogo wa sakafuni, puani mwa ndege. Fikiria: ni usiku, ndege inawaka na kuzunguka, umevaa manguo mazito ya baridi, na parashuti imening'inia kifuani. Aliye nyuma, akitaka kufika mbele, lazima kwanza apande boriti ya mabawa iliyokatiza katikati ya ndege.

Mwaka 1943 kijana wa miaka 19, Freeman Dyson, aliajiriwa kama mwanahisabati katika ofisi ya utafiti ya kikosi hicho. Baadaye aliandika habari za mwenzake, Mike O'Loughlin, aliyejiuliza swali jepesi: ndege ikitunguliwa, wangapi wanatoka hai? Kwa ndege za Wamarekani, ambazo ziliruka mchana, ilikuwa karibu nusu. Halifax ya Waingereza, kama 25 katika 100. Lancaster, 15 tu. Mchana unasaidia, sawa. Lakini Halifax na Lancaster ziliruka usiku ule ule, zikapigwa na adui yule yule. O'Loughlin akaona tofauti iko mlangoni. Ule wa Halifax ulikuwa na upana wa inchi 24, wa Lancaster inchi 22. Inchi mbili, vidole vitatu hivi!

Mbona wakubwa hawakuliona? Kwa sababu aliyerudi salama hakuutumia mlango ule. Akitua alieleza habari za mizinga na mawingu. Aliyekwama mlangoni hakuandika ripoti. O'Loughlin alihangaika kama miaka miwili, na mlango mpana ulipokubaliwa, vita vilikuwa vinakwisha.

Hata Mwafrika mwenzetu aliruka gizani namna hiyo. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia katika ndege aina ya Stirling. Walitunguliwa Ujerumani Novemba 1943. Alitoka na parashuti, akakaa mateka mpaka 1945, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Mtu mzima kabisa, na maisha yake yote yalipita katika tundu moja.

Sisemi haya kuisifu kazi yao. Chini ya ndege hizo, Hamburg na kwingineko, maelfu kwa maelfu ya raia waliungua, na wao hawakuwa na mlango wa aina yoyote.

Ila sisi tunaosomea ufundi huu, kesho tutarudi nyumbani kujenga mabweni, mabasi na vivuko. Tutaulizwa vimegharimu kiasi gani na vinabeba watu wangapi. Swali la tatu huenda asiulize mtu: mambo yakiharibika, usiku, kwenye moshi, watatoka wangapi? Tujiulize wenyewe, mapema, tukiwa bado na penseli mkononi. Kupanua mlango kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja.