Pampasi za moja moja na hesabu ya arobaini

Katika maduka ya Mangi ya mitaani Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, pampasi huuzwa moja moja kama sigara. Mwenye duka hupasua pakti, akazipanga karibu na viberiti na sukari ya kupima, na mteja akija na sarafu zake anaondoka na moja ya usiku. Kesho atarudi.

Mwenye duka si wa kulaumiwa. Anauza kwa kadiri ya fedha iliyopo mifukoni mwa wateja wake, yaani waendesha bodaboda, mama lishe na vibarua wa viwandani, watu wanaopata hela ya leo na kuila leo. Ila hesabu yake inauma. Tuchukulie moja ni shilingi 500, na kichanga anamaliza sita kwa siku. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Januari 2023 kwa mfanyakazi wa biashara na viwanda kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya mshahara huo ingeishia kwenye pipa la taka.

Kwa pakti kubwa, hasa ikinunuliwa kwa bei ya jumla Kariakoo, gharama ya kila moja hushuka. Lakini mtu wa Bunju au Chamazi ajumlishe nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kujipongeza. Safari hiyo inalipa pale majirani watatu au wanne wanapochanga na kumtuma mmoja. Tena asijaze nyumba pampasi za saizi ya kichanga. Mtoto hunenepa haraka, na zinazobaki hazimtoshi tena.

Wenye kumbukumbu watasema turudi kwenye nepi za kitambaa na kanga kuukuu. Wana hoja, kwani kanga iliyofuliwa miaka miwili ni laini kuliko doti mpya, haitoi rangi, na imeshalipiwa. Ila nepi nazo zinakula sabuni na maji, na mitaa ambayo bomba la DAWASA halijafika maji hununuliwa kwa dumu la lita 20. Nyumba nyingi zimepata njia ya kati: nepi mchana, pampasi usiku na siku ya kliniki. Njia hiyo peke yake inapunguza matumizi ya pampasi kwa zaidi ya nusu.

Nguo ndizo zinazowapa wazazi wapya presha, na ndizo rahisi kuliko vyote. Mitumba ya watoto ni biashara nzuri kwa muuzaji na mnunuzi. Nguo ya mtoto mchanga huvaliwa wiki chache tu huko ilikotoka, kwa hiyo hufika ikiwa karibu mpya. Na kwa kuwa ni ndogo, belo moja hubeba vipande vingi. Tandika, Mwenge na Tegeta Nyuki utaratibu ni ule ule. Asubuhi belo linapofunguliwa, wenye maduka huchagua kwanza na hulipa bei ya juu. Zinazobaki humwagwa chini, na bei hushuka kadiri jua linavyoshuka, hadi jero au buku kwa kipande. Mjamzito mwenye miezi minne mbele yake anaweza kusubiri saa hiyo. Aliyebakiza wiki moja hana ubavu huo. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, hivyo vya kugusa ngozi moja kwa moja vinunuliwe vipya. Vingine vichemshwe, vianikwe juani, vipigwe pasi.

Soko hili limetikiswa mara nyingi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru ya mpango wake wa AGOA, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo na ikasimamishiwa nafuu hiyo ya nguo mwaka 2018. Januari 2022 soko la Karume, Ilala, ambako wachuuzi wengi wa pembezoni hufuata mzigo, liliteketea kwa moto. Bado mitumba ndiyo inayomvisha mtoto wa Dar es Salaam.

Vitu vya hospitali ndivyo huwakamata watu usiku. Sera inasema mjamzito asilipie huduma katika vituo vya serikali, lakini kila familia inajua kwamba mkoba haupangwi mtupu: beseni, kanga, pamba, glovu, mpira wa kutandika, kibanio cha kitovu. Kimoja kikinunuliwa kila baada ya mahudhurio ya kliniki, hakuna anayeumia. Chandarua kisinunuliwe. Zamani, kuanzia 2004, mjamzito alipewa hati punguzo. Siku hizi anapewa chandarua chenyewe kliniki.

Na gari la kusukuma mtoto? Kwenye mchanga wa Chamazi halisogei hatua kumi. Mbeleko inatosha. Kitanda cha mafundi wa Keko ni kizuri, lakini kinaweza kusubiri mtoto afikishe mwaka.

Kwenye orodha hizi za vitu ndipo naona bajeti nyingi zinapokosea. Zinahesabu vitu na kusahau siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama lishe hana mwajiri. Kama meza yake humwachia faida ya shilingi 10,000 kwa siku, arobaini pekee inamgharimu 400,000, fedha inayozidi nguo, beseni na kanga vyote kwa pamoja. Akiba hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Kwenye upatu, amwombe kijumbe zamu ya mwezi wa nane wa ujauzito. Wenzake wakijua sababu, wengi hukubali kubadilishana. Mwenye VICOBA aangalie mgawo unaangukia mwezi gani. Na wageni wanaokuja kumwona mzazi waambiwe mapema kwamba pakti ya pampasi au unga wa uji unasaidia kuliko suti ya sita ya mtoto.

Asiyejiandaa huangukia kausha damu, mikopo ya rejesho la kila siku au kila wiki. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na kibali, lakini kausha damu wa mtaani hahitaji simu. Anajua nyumba yako.

Mbadala wa kausha damu, yaani mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024, hutenga asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake. Temeke na Kinondoni ziandike sharti moja dogo kwenye mikataba yao: mwanakikundi aliyejifungua asidaiwe rejesho kwa siku 40. Mwajiriwa ana 84.