Yule ndege wa maua si kolibri: ni chozi, na ni wetu

Asubuhi, katika lupangu nyingi za Likasi, iwe Kikula ao Panda, ndege mdogo mwenye kung'aa anakuja kwenye maua ya ndizi. Watoto wanapiga kelele: « Kolibri! » Hata wazazi wengi wanasema vile. Lakini kolibri wote wanaishi Amerika tu, hakuna hata mmoja wa pori hapa Afrika. Huyu wetu, kwa Kiswahili cha vitabu, anaitwa chozi. Kwa Kifaransa, souimanga.

Basi juu ya nini wanafanana? Si undugu. Kolibri ni jamaa ya teleka, chozi yuko upande wa shomoro. Ni chakula njo kimewafananisha. Wote wanatafuta maji matamu ndani ya maua, na kila mmoja, kwa njia yake, amepata mdomo mrefu na ulimi wa kunyonya.

Kolibri anakunywa akiwa hewani, mabawa yakipiga mara makumi kwa sekunde moja. Moyo wake unaweza kupita mapigo 1.000 kwa dakika. Usiku wa baridi anapunguza joto la mwili, analala kama aliyekufa, ili njaa isimuue mbele ya asubuhi. Chozi wetu, yeye anashika tawi, anakaa, anakunywa. Ua likiwa refu sana, anatoboa chini yake na kuiba. Lakini mara nyingi analipa deni: unga wa ua unamshika kichwani, anaupeleka kwa ua lingine, na mbegu zinapatikana.

Ule mng'ao wa dume unatoka katika namna manyoya yanavyorudisha mwanga. Akigeuka kidogo unamwona mweusi. Kwa aina nyingi jike hana urembo huo, lakini yeye njo fundi: anashona kiota kama kamfuko kanachoning'inia, anakifunga na utando wa buibui, anaweka mlango pembeni. Watoto wake anawalisha bilulu.

Tena anajua hesabu. Mwaka 1975, watafiti Frank Gill na Larry Wolf walionyesha, kwa chozi wa Kenya, kwamba ndege anapigania shamba la maua pale tu faida inapita nguvu anayotumia. Maua yakiwa mengi kwa wote, anaacha vita.

Kuna mmoja anayepatikana Kongo tu: chozi wa Prigogine. Amepewa jina la Alexandre Prigogine, aliyechunguza ndege za inchi yetu kwa miaka mingi. Anaishi milima ya Marungu, huko Tanganyika, ambako mbele ya 2015 tulikuwa mkoa mmoja wa Katanga. Kwake ni misitu myembamba ya pembeni ya mito. Miti hiyo inakatwa, na ng'ombe wanabomoa kingo za mito. Leo anahesabiwa kati ya ndege walio hatarini. Akiisha Marungu, ameisha duniani.

Hapa Likasi tunaweza kuanza na kidogo: mti wa pembeni ya mto usigeuzwe makala, na mtoto mwenye mpira wa kurushia mawe aambiwe huyu ndege anafanya kazi gani. Kesho akija kwenye ua la ndizi, mwite kwa jina lake.