Mwenye Nyumba wa Mwambani

Ndugu msikilizaji, saa tisa na nusu alasiri, maofisi mengi ya hapa Posta yanapofungwa, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi kubwa huelekea vituo vya mabasi, kurudi Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Kundi dogo huteremka Kivukoni. Siku ya Ijumaa mimi huwa nimo katika kundi hili dogo, nikiwa na kikapu mkononi. Wenzangu wa ofisini hudhani ndani ya kikapu mna nguo za mazoezi. La hasha. Mna mishipi, mna ndoana za namba mbalimbali nilizonunua Kariakoo, na mna chubwi za risasi za kuuzamisha mshipi. Navuka kwa pantoni hadi Kigamboni, nalala kwa ndugu yangu, na alfajiri ya Jumamosi nasukuma boti yangu majini.

Boti yenyewe isikupe picha ya utajiri. Ni ya fibaglasi, urefu wake futi 14, na mashine yake ni ya nguvu za farasi 15, tena imezeeka. Nikiiweka kando ya dau la wavuvi wa kweli inaonekana kama kifaranga. Lakini inanitosha, na miaka yote hii imenirudisha pwani salama. Sijasahau hata siku moja kuvaa jaketi la kuokolea maisha, na sitoki kusi inapochafua bahari, hata kama rafiki zangu watanicheka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini ujisumbue hivyo, na soko la samaki la Feri liko hatua chache tu kutoka ofisini kwako? Hesabu ya mafuta ya mashine peke yake ingekununulia kolekole wawili wakubwa na chenji ikabaki. Ni kweli, na mke wangu ameshaipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko mimi. Jibu langu ni kwamba nikiwa ofisini nashindana na karatasi, na karatasi hazina akili. Nikiwa baharini nashindana na chewa.

Wapenzi wa uvuvi wa mshipi wako dunia nzima. Huko Marekani kuna samaki wa maji baridi aitwaye bass, na mamilioni ya watu humfuata kila mwisho wa wiki kwa viboti vidogo kama changu. Samaki huyo aliletwa hata huku kwetu, akatiwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya miaka ya 1920, na mpaka leo yumo. Sisi wa pwani hatuna haja ya kumwagiza. Tunaye chewa, ambaye tabia zake hazipishani sana na za bass. Wote wawili hawana mbio za nguru wala jodari. Hujificha, husubiri, na windo likipita karibu hufungua kinywa kikubwa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na windo lenyewe. Chewa haumi chambo, bali hukifyonza.

Kumvua kuna utaratibu wake. Kwanza huchagua siku za maji mafu, si bamvua, kwa sababu bamvua maji hukimbia kwa nguvu na mshipi hauteremki wima. Pili hutafuta ukingo wa mwamba wenye mapango, ukatia nanga pembeni, si juu ya matumbawe. Chambo changu ni ngisi. Kisha unangoja, kidole kimeushika mshipi. Akishafyonza una nafasi fupi sana ya kumvuta pima mbili tatu za mwanzo. Ukichelewa anarudi pangoni, anatanua mashavu na mapezi yake, anajikaza humo kama kabari, na hapo kilichobaki ni kukata mshipi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti wiki hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata chewa mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona nikiwa ndani ya boti yangu. Nilimtoa kwenye mwamba mmoja nje ya mlango wa bandari, ambao jina lake wavuvi wenzangu mtanisamehe nisilitaje. Kina kilikuwa kama pima 11, yaani karibu mita 20. Mikono ilichubuka, na alipofika juu nilihitaji msaada wa kijana niliyekuwa naye ili kumpakia. Nilirudi Kigamboni kama aliyetoka vitani na ushindi. Watu walikusanyika, watoto walimgusa macho, na picha zikapigwa.

Pale pwani yupo mzee mmoja aliyevua tangu ujana wake, na ndiye aliyenifundisha kufunga ndoana. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, bwana wa Posta." Kisha akamtazama samaki kwa muda mrefu bila kumsifu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, umemleta mwenye nyumba." Mimi nilicheka, nikidhani anatania. Samaki tulimgawana na majirani, mchuzi wa nazi ukapikwa nyumba tano.

Nilirudi pale mwambani wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata. Nilipata changu. Nilipata chewa wadogo wa urefu wa kiganja na nusu. Mkubwa sikumwona tena. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, nikaja kuelewa kwamba mzee hakuwa anatania.

Ndugu msikilizaji, chewa si samaki kama dagaa, ambaye huzaliwa, hukua na kuzaa katika muda mfupi. Chewa hukua polepole. Huchukua miaka kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na wale wa aina kubwa huweza kuishi miongo kadhaa. Lakini la ajabu zaidi ni hili: chewa wa aina nyingi huanza maisha yao wakiwa majike. Baada ya miaka, wakishakuwa wakubwa, baadhi yao hugeuka kuwa madume. Kwa hiyo katika mwamba, wale wadogo na wa kadiri kwa kawaida ni majike, na wale wakubwa wachache ndio madume.

Fikiria basi maana yake kwa mvuvi. Sisi sote tunajivunia mkubwa. Mkubwa ndiye wa kupigwa picha, mkubwa ndiye wa bei. Lakini kila tunapomtoa mkubwa tunatoa dume, na tukiwatoa wakubwa wote, majike yanabaki na mayai yasiyo na wa kuyarutubisha. Ni kweli kwamba jike mmoja anaweza kugeuka akashika nafasi iliyoachwa wazi. Lakini hilo huhitaji muda, na huhitaji kuwepo jike aliyekua kiasi cha kutosha. Kama tumekwisha kuwatoa na hao wa kadiri, nafasi inabaki tupu. Hapo ndipo nilipoelewa neno la mwenye nyumba.

Tena chewa wa aina nyingi wana desturi ya kukusanyika kuzaliana mahali fulani, katika siku fulani za mwezi, mwaka hadi mwaka. Mtu akipajua mahali hapo na siku hizo, anaweza kwa usiku chache kumaliza chewa wa eneo zima, huku akidhani bahari imejaa samaki.

Mtu atasema, basi rahisi, ukimpata mkubwa mrudishe. Huko Marekani, mwaka 1972, Ray Scott, mwanzilishi wa chama cha wavuvi wa bass, alianzisha katika mashindano yake utaratibu wa kuwaweka samaki hai na kuwarudisha majini baada ya kuwapima uzito. Ni jambo zuri, na lilienea sana. Lakini bass huvuliwa zaidi kwenye maji ya kina kifupi. Chewa wa pima 11 ana shida nyingine, nami niliigundua kwa aibu.

Mara ya kwanza nilipojaribu kumrudisha chewa, alielea tumbo juu. Mdomoni mwake kulikuwa na kitu chekundu kama ulimi uliovimba. Kumbe lilikuwa tumbo lake, limesukumwa nje. Sababu ni hii. Chewa ana mfuko wa hewa ndani ya mwili wake, unaomsaidia kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuelea. Kila mita 10 unazoteremka baharini, mkandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Maana yake, katika mita 20 mkandamizo ni mara tatu ya ule wa juu. Ukimvuta samaki haraka kutoka hapo, hewa ile hutanuka kufikia mara tatu ya ujazo wake wa awali, na haina pa kwenda. Husukuma matumbo, husukuma macho. Ukimtupa majini katika hali hiyo hawezi kuzama, atapigwa jua na kuliwa na ndege. Umeua, na hukula.

Dawa yake ni kumrudisha alikotoka, si kumwacha juu. Mimi hutumia ndoana kubwa niliyoisaga ule mwiba wake, nikaifunga chubwi nzito. Naitia kwenye ngozi ya mdomo wake kwa namna ambayo uzito unamvuta chini, namteremsha hadi mwambani, kisha navuta mshipi kwa nguvu, ndoana inachomoka. Kule chini mkandamizo unairudisha hewa katika ujazo wake, na samaki anapata nafasi ya kuishi. La muhimu ni kufanya haraka, kwa mikono iliyoloa, bila kumlaza juu ya mbao zenye joto.

Najua kuna msikilizaji mmoja Kigamboni au Kunduchi anayenicheka sasa hivi. Anasema, huyu ana mshahara wa Posta, anaweza kurudisha samaki. Mimi ada ya mtoto naitoa wapi? Ana haki. Sitathubutu kumwambia mtu anayekula kwa mshipi amwachie chewa aliyemhangaikia usiku kucha. Ninachosema ni kwamba sisi tunaovua kwa mapenzi hatuna kisingizio hicho. Tunachukua kutoka kwenye sahani ya mwenzetu, basi angalau tusichukue mbegu.

Wala tusijidanganye kwamba mshipi ndio uliowamaliza chewa wa Dar es Salaam. Baruti imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mshipi hutoa samaki mmoja, na nyumba yake hubaki. Baruti huua mkubwa na mdogo, na matumbawe huyavunja yakawa kokoto, kwa hiyo hata anayezaliwa kesho hana pango. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yetu yote kwa muda wa mwezi mmoja wakikokota vinasa sauti majini, wakasikia milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Baada ya msako wa vyombo vya dola katika miaka iliyofuata, milipuko ilipungua sana. Hilo ni la kushukuru. Lakini mwamba uliovunjika hauponi kwa msako, bali huponywa na miaka.

Wewe usiye na boti nawe unayo nafasi. Ukienda Feri, tazama samaki kabla ya kutoa pesa. Aliyepigwa baruti mara nyingi nyama yake imelegea, na akipasuliwa huonekana damu iliyovia tumboni na uti wa mgongo uliovunjika. Waulize vijana wanaopara samaki, wao wanajua kuliko daktari. Usinunue chewa wa urefu wa kiganja, kwa kuwa huyo hajazaa hata mara moja. Na ukienda kuogelea Mbudya au Bongoyo, kumbuka kwamba visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, si kwa ajili ya watalii peke yao. Ni mahali ambapo wenye nyumba wanatakiwa waachwe wazeeke, ili watoto wao wahamie miamba ya jirani, ambako mimi na wewe tunaruhusiwa kutupa mshipi, tukiwa na leseni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye ule mwamba wangu. Maji yalikuwa mafu, umande umetulia. Kabla ya saa mbili asubuhi kidole kilishtuka, nikavuta, akaja chewa wa urefu wa mkono mzima. Si kama yule wa zamani, lakini ndiye mkubwa wa kwanza niliyemwona pale tangu siku ile. Nilimtazama, nikafikiri majirani, nikafikiri nazi. Kisha nikamfunga chubwi nikamteremsha. Mshipi ulipokuja mtupu nilikaa kimya kidogo, sikujua kama nimefurahi au nimejuta.

Pwani nilimkuta mzee. Akachungulia ndani ya boti, akaona changu watatu tu. "Leo hukubahatika, bwana wa Posta?" Nikamwambia, "Mwenye nyumba nimemkuta, mzee. Nimemwacha kwake." Hakusema neno. Alichukua changu mmoja, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akaniambia nimpitie Jumamosi ijayo, twende wote.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.